Bosi kanisomea dakika zangu za chooni mbele ya kikao!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Huyu bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Leo kwenye kikao, wateja wamekaa pale na tai zao, kafungua daftari akasoma kwa sauti ya mhubiri: "Mhasibu, chooni, dakika 11." Halafu akapiga mstari chini yake. Kwa kalamu nyekundu!

Na ndiye huyu huyu aliyetoka semina juzijuzi akituimbia McGregor, yule msomi wa Marekani wa mambo ya uongozi kazini, eti mwaka 1960 alionyesha kuna mameneja wa Nadharia X, wanaoona mfanyakazi ni mvivu mpaka asukumwe, na wa Nadharia Y, wanaoamini mtu akipewa jukumu atajituma mwenyewe. "Mimi ni Y," akasema, akaagiza mlango wa ofisi yake ung'olewe. Tukapiga makofi, wajinga sisi. Kumbe kesho yake kasikia habari za Taylor, yule mhandisi wa kupima kila kazi kwa saa. Y ikafa hapo hapo. Mlango haujarudi, na sasa anaona vizuri nani kainuka kwenda wapi.

Dakika 11. Mbele ya wateja. Mmoja alikuwa anaandika, sijui na yeye ananukuu!

Kalamu Butu: Dakika 11 mleta mada? Ulikuwa unafunga hesabu za mwaka huko?

Mzee wa Shifti: Mwambie bosi wako asome hadi mwisho. Taylor alipomkamua mbeba chuma alimpandisha kutoka dola 1.15 hadi 1.85 kwa siku. Wewe umepandishiwa nini zaidi ya presha? Na mwaka 1911 wasubu chuma wa ghala la silaha la Watertown, Marekani, waligoma kupinga kupimwa kwa saa hiyo hiyo ya Taylor.

Mleta mada: Shida si saa mkuu, shida ni ule MSTARI! Mwekundu!

Sina Makuu: Bora wako anakuona. Wetu ni wa "jipangeni wenyewe", hata sura yake tunaisahau. Kitu kikiharibika ndio anaibuka: "Nani aliamua hivi?"

Dada wa Mapokezi: Hamjakutana na wa "sisi hapa ni familia". Ukidai malipo ya saa za ziada unaambiwa ndugu hawadaiani. Mkataba wenyewe wa miezi mitatu mitatu.

Kalamu Butu: Familia ya kuhuisha kila miezi mitatu 😂😂

Mleta mada: Jamani, uzi wangu. Wateja walikuwepo pale!

Sina Makuu: Nenda chooni kwanza, tutakusubiri. Dada, hiyo mikataba mifupi likizo mnapata? Na sisi tumeletewa jana tusaini.

Dada wa Mapokezi: Likizo ipi ndugu yangu? Usisaini kabla hujasoma ukurasa wa mwisho, njoo PM.

Mzee wa Shifti: PM ya nini, mwaga hapa hapa.