Mwekezaji anavutwa na Dodoma au na halmashauri zetu?

Mwanzisha mada, Mufindi:
Wakubwa shikamooni. Kila bajeti ikisomwa tunasikia habari za misamaha ya kodi kwa wawekezaji wa nje. Lakini msamaha wa mashine ni uleule, kiwanda kijengwe Mafinga, Makambako au Kibaha. Sasa mgeni akishaamua kuja Tanzania, nini kinampeleka wilaya hii na si ile?

Mimi nasema ni halmashauri. Mwaka juzi mgeni mmoja alifika kijijini kwetu akitafuta eneo la kujenga chumba cha baridi cha parachichi. Wazee walimpokea vizuri. Ila eneo halikuwa limepimwa, mpango wa matumizi bora ya ardhi haukuwepo, akaambiwa asubiri. Alisubiri miezi minane, akaenda wilaya jirani. Udongo uleule, mvua ileile. Vijana wetu leo wanapanda bodaboda alfajiri kwenda kupanga matunda kule. Inaniuma.

Mchangiaji, Tukuyu:
Pole ndugu, lakini unaitwisha halmashauri mzigo usio wake. Chai haioti Kibaha. Wachina wamefungua viwanda vya vinia (karatasi nyembamba za mbao) Mafinga kwa sababu msitu wa Sao Hill uko pale, na msitu ule ni wa serikali kuu, mgao wa magogo unatoka TFS, wakala wa misitu wa serikali. Umeme ni TANESCO. Reli ni TAZARA. Barabara za vijijini zenyewe tangu 2017 ziko TARURA, wakala wa serikali kuu. Mkurugenzi wa wilaya amebaki na nini cha kumvutia mtu?

Mwanzisha mada:
Amebaki na ushuru, na hapo ndipo penye kidonda. Ushuru wa mazao ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, ulishushwa 2017. Lori la parachichi likipita getini leo, hela inaingia leo. Kiwanda kinahitaji kupimiwa eneo na kuvutiwa maji, halafu ndipo kije kulipa ushuru wa huduma, labda baada ya miaka mitatu. Mkurugenzi anaulizwa makusanyo ya mwaka huu. Unadhani atahangaikia kipi? Halmashauri zinaishi kwa matunda yanayoondoka mabichi, kwa hiyo hazina haraka na wa kuyasindika.

Sheria imeweza kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Itengwe pia sehemu ya ushuru wa mazao kwa ajili ya kupima maeneo ya viwanda, isiguswe kwa posho wala mafuta ya magari.

Mchangiaji, Njombe vijijini:
Kaka zangu, mnazungumza kupima kana kwamba ardhi ni ya ofisi. Mgeni hapewi ardhi ya kijiji hivi hivi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999, lazima kwanza ihamishwe iwe ardhi ya jumla, yaani itoke mikononi mwa kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji unaamua eneo lisilozidi hekta 250, zaidi ya hapo uamuzi ni wa waziri. Na ikishahama, mwekezaji akishindwa hairudi kwetu. Tuna eneo la namna hiyo, limeota vichaka, na wenye watoto wasio na pa kulima wanalitazama tu. Mimi ni mmojawapo.

Mwanzisha mada:
Dada, nimekusikia. Kiwanda ninachosema ni ekari tano au sita, si shamba. Bado mngekataa?

Mchangiaji, Njombe vijijini:
Kuhamisha tungekataa. Halmashauri ijenge maghala kwenye viwanja vyake vya mjini, ivute umeme mkubwa, mgeni apangishwe alipe kila mwezi. Akiondoka, ghala linabaki na anapangishwa mwingine. Matunda tutampelekea, ni kilomita 18 tu.