Mbuzi walipigwa risasi ili kondoo mwitu wapone: na sisi tuko tayari kuacha nini?

Mwanzisha mada:
Salaam wadau. Hoja ya leo inatoka mbali, jimbo la Wyoming huko Marekani, ila mtu anayejali wanyamapori haiwezi kumpita hivi hivi.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Grand Teton, juu kabisa kwenye miamba ambako upepo hupeperusha theluji na kuacha nyasi kavu zikichungulia, wanaishi kondoo mwitu wenye pembe nene zilizojikunja hadi shavuni. Ni wenyeji wa pale tangu kale. Wamebaki kama 100 na kidogo tu, tena wamegawanyika kundi la kaskazini na la kusini, na hawana kundi jirani la kuchanganya nalo damu. Maradhi yakiingia pale, hakuna akiba.

Sasa wakaja mbuzi weupe wa milimani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, jimbo jirani la Idaho liliwapeleka mbuzi kwenye safu ya Snake River, kusini ya Teton, ili wawindaji wapate mawindo. Mbuzi hawajui mpaka. Walisogea mlima kwa mlima, na kufikia 2018 walikuwa wanakaribia 100 ndani ya Teton, yaani karibu sawa na kondoo wenyewe. Wanagombea malisho yaleyale, na wanaweza kubeba bakteria wa homa ya mapafu wanaomaliza kondoo mwitu.

Februari 21, 2020, hifadhi ilituma wapiga risasi kwa helikopta. Mbuzi 36 wakafa. Gavana wa Wyoming, Mark Gordon, alipinga vikali, na David Bernhardt, waziri aliyesimamia hifadhi za serikali kuu wakati huo, akaagiza kazi isimame. Baadaye mwaka huohuo wakaitwa wawindaji wa kujitolea waliopimwa shabaha, wakapanda kwa miguu na kuondoa mbuzi 43. Mwaka 2022 helikopta zikarudi tena.

Msimamo wangu nausema mapema: kuwaondoa mbuzi ilikuwa haki. Karibuni mnipinge.

Mchangiaji wa 1:
Nakupinga. Mbuzi kakosa nini? Aliyemleta ni binadamu, anayemuua ni binadamu, na mtoto wa mbuzi aliyezaliwa juu ya mwamba wa Teton hajui kitu kinachoitwa Idaho. Halafu mbuzi hao si wageni wa bara lile. Kwao ni hapohapo, milima michache tu kuelekea kaskazini na magharibi. Nani alichora mstari kwamba mlima huu ni kwao na ule si kwao?

Na njia nyingine ilikuwepo. Hifadhi ya Olympic, jimbo la Washington, kati ya 2018 na 2020 ilihamisha mbuzi 325. Walifungwa macho, wakaning'inizwa chini ya helikopta, wakapelekwa milima ya Cascade. Kama Olympic waliweza, Teton walishindwa nini?

Mwanzisha mada:
Hoja ya Olympic ni nzito, nimeitafakari sana. Ila tazama tofauti. Wale wa Olympic walipelekwa Cascade, ambako mbuzi ni wenyeji na idadi yao ilikuwa imeshuka, kwa hiyo walikuwa na pa kupokelewa. Tena hata Olympic, waliobaki bila kukamatwa walipigwa risasi. Mbuzi wa Teton asili yao ni kundi lililowahi kukutwa na vijidudu vya mapafu. Ukimhamisha mnyama wa namna hiyo, unahamisha na ugonjwa.

Swali lako la mstari nakubali ni gumu. Jibu langu ni hili: mbuzi yule wa Teton akitoweka, mbuzi wa milimani bado wapo kwa maelfu kwingine. Kondoo wa Teton wakitoweka, wameondoka na njia walizofundishwa na mama zao, kizazi kwa kizazi, za kuvuka majira ya baridi juu ya vilele vile. Ukileta kondoo wengine kesho, hawazijui njia hizo.

Mchangiaji wa 2:
Mimi nimekulia kwenye ng'ombe, huku Ngorongoro. Nyumbu wakizaa, tunaondoa ng'ombe kwenye nyanda zile za nyasi fupi, maana ndama wa nyumbu wana ugonjwa ambao wao hauwadhuru lakini ng'ombe akiupata ni kifo. Hatuhitaji profesa kutuambia. Wanyama wawili wanaweza kuwa wazima kila mmoja peke yake, ukiwachanganya mmoja anakufa. Kwa hiyo hapo kwenye ugonjwa namwelewa mwanzisha mada.

Ila nauliza: kondoo wa kufugwa je? Hao ndio hubeba homa ya mapafu kuliko mbuzi. Wafugaji wa huko walifanywaje?

Mwanzisha mada:
Umegusa penyewe. Kondoo wa kufugwa walikuwa wakichungwa kwenye msitu wa serikali unaopakana na hifadhi upande wa magharibi. Wafugaji walilipwa fidia wakarudisha vibali vyao, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 malisho yale yakafungwa.

Mchangiaji wa 2:
Basi walilipwa, si kufukuzwa. Hilo peke yake limenifurahisha.

Mchangiaji wa 3:
Mimi nipo upande wa gavana. Lengo silipingi, napinga namna. Unapiga mnyama kutoka angani na kumwacha aoze juu ya mlima? Wale 43 waliondolewa na watu waliopanda kwa miguu yao na wangeweza kushuka na nyama.

Mwanzisha mada:
Kwa hilo sina ubishi. Njia ya miguu ndiyo ilipaswa kutangulia.

Lakini sasa nifike kwenye kilichonifanya nifungue mjadala. Mfugaji ametoa malisho yake. Mbuzi ametoa uhai wake. Aliyebaki ni nani? Ni mtu wa skii, yaani anayeteleza juu ya theluji kwa mbao nyembamba miguuni.

Zamani kondoo hawa walishuka mabondeni majira ya baridi. Leo mabonde yana miji, barabara na mashamba, na msitu ulioachwa bila kuungua umeziba njia za wazi walizozizoea. Kwa hiyo wamekwama juu, kwenye zaidi ya mita 2,500, kuanzia Desemba hadi Aprili. Jike mwenye mimba anaishi kwa mafuta ya mwilini na majani makavu machache. Kila akikimbia anateketeza alichoweka akiba kwa ajili ya mtoto tumboni. Mtafiti Alyson Courtemanch aliwafunga kondoo vifaa vya GPS, na watelezaji nao wakabeba vya kwao. Ikaonekana kondoo wanahama wakiwakwepa watu, hata pale penye malisho mazuri, na wanapoteza hadi asilimia 30 ya sehemu bora. Mtu anateleza dakika tano, anafurahi, anaondoka bila hata kumwona kondoo aliyemkimbia.

Tumeweza kumpiga risasi mbuzi asiyejua kosa lake. Je, tunaweza kumwambia mtu mwenye akili timamu atafute mteremko mwingine?

Mchangiaji wa 4:
Naishi Marekani mwaka wa kumi na moja sasa, na ninateleza. Usituchore kama maadui. Watu wanaopanda milima ile kwa miguu alfajiri ndio wanaoipigania isijengwe hoteli. Ukiwafungia kila mteremko, unapoteza watetezi. Na idadi yetu pale juu ni ndogo ukilinganisha na wageni wa kiangazi.

Mwanzisha mada:
Ndugu, sijasema kila mteremko. Nasema ile wanayoitegemea kondoo. Na uchache wenu hauwapunguzii wao mbio. Kundi moja la watu watatu linatosha kuwahamisha kondoo upande mzima wa mlima.

Mchangiaji wa 4:
Hapo sina jibu la haraka. Niseme tu kilichonikuta. Kilele cha Static Peak, hapo Teton, hufungwa Desemba mosi hadi mwisho wa Aprili kwa ajili ya kondoo hawa. Mwaka mmoja tulikuwa wanne, theluji nzuri ajabu, tukafika kwenye kibao. Mmoja wetu akasema twende tu, hakuna anayetuona. Tukabishana karibu nusu saa kwenye baridi ile. Mwishowe tukageuza. Yule mwenzetu hajapanda nasi tena, na mpaka leo kondoo mwenyewe sijawahi kumwona kwa macho.