Naombeni ushauri: fangasi ukutani, mwenye nyumba anasema ni juu yangu

Habari zenu ndugu. Nimepanga vyumba viwili Tabata, kodi nimelipa ya miezi sita, imebaki mitatu. Tangu masika yaanze, ukuta wa nyuma ya kitanda umeota fangasi weusi. Bomba la bafu la jirani linavuja upande wa pili. Ukigusa rangi inabanduka na plasta. Juzi nimetoa shati la shule la mwanangu kabatini, limejaa madoa. Ana pumu, usiku anakohoa mpaka namkalisha.

Baba mwenye nyumba anasema nifungue madirisha na rangi ninunue mwenyewe. Mkataba unasema tu "matengenezo madogo ni ya mpangaji". Sasa bomba la ukutani nalo ni dogo? Nitengeneze nikate kwenye kodi, au nianzie serikali ya mtaa?