MREJESHO: Kaseti za WUOG na 40 Watt zimerudi kuimba

Niliuliza kwa nini kaseti zilizorekodiwa miaka ya 80 kutoka WUOG 90.5, redio ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, pamoja na za maonyesho ya klabu ya muziki ya 40 Watt pale Athens, mji wa chuo hicho, zinatoa sauti kama mtu anayeimba ndani ya pipa.

Mlionijibu "hedi imepinda", yaani kile kichwa cha deki (mashine ya kaseti) kinachosoma utepe, mlipatia. Safisha kwanza hedi na rola ya mpira kwa pamba na spiriti, kisha tafuta skrubu yenye springi pembeni ya hedi. Unganisha chaneli mbili, ya kushoto na ya kulia, ziwe moja, zungusha kidogo kidogo, robo mzunguko usipite, mpaka matoazi yalie "tsss" na siyo "shhh". Kila kaseti ina pembe yake ya hedi, maana kila deki ilirekodi kivyake. Hapo ndipo wengi hukosea: wanarekebisha mara moja, basi.

Kaseti mbili zilikuwa karibu bubu. Kisponji kinachokandamiza utepe kilibanduka, gundi imekauka. Hamishia utepe kwenye ganda jingine la skrubu tano.

Ingiza kwenye kompyuta kwa kilohezi 48, biti 24, kilele cha sauti kisizidi desibeli -6. Kwa kaseti za redio, msihangaike kuongeza sauti juu ya kilohezi 15. FM haibebi kitu huko, mtaongeza mavumi tu.

Na aliyeuliza jina la 40 Watt: klabu ilianza na balbu moja ya wati 40. Kweli kabisa.