Nywele zinakatika na midomo inapasuka tangu nihamie Njombe: nichague mafuta kwa kuangalia nini?

Mwalimu wa Tanga

Wanajukwaa, habari zenu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezaliwa na kukulia Tanga, na mwezi Januari mwaka huu nilihamishiwa Njombe. Nywele zangu ni za kipilipili, sijawahi kuzitia dawa, na nikizivuta kwa mkono zilikuwa zinagusa mabega. Kwa miaka yote hiyo hazikunisumbua. Kila Jumamosi nilikuwa naziosha kwa sabuni ya kipande, nazipaka mafuta ya nazi anayokamua mama yangu mwenyewe, nasuka twende kilioni, basi wiki inapita.

Tangu baridi ilipoingia mwezi Mei, mambo yamegeuka. Nikichana asubuhi, beseni linajaa vipande vifupi vya nywele vyenye urefu wa ukucha, na vingi havina ule mzizi mweupe. Upara mdogo umeanza kuonekana juu ya masikio. Mafuta ya nazi nayo yameganda ndani ya chupa, meupe na magumu kama samli, hata imenibidi niikate chupa shingo niyachote kwa kijiko. Mdomo wa chini umepasuka katikati na hutoa damu ninaposoma kwa sauti darasani, na kuzunguka midomo pamejitokeza duara jeusi ambalo sikuwa nalo. Nilinunua mafuta ya mdomo yenye mnanaa, nikawa napaka kila kipindi kinapoisha. Yanawasha kidogo, na nimekuwa nikiamini kwamba kuwasha huko ndiko kufanya kazi kwake.

Nimeshatumia zaidi ya shilingi 60,000 kwa makopo ambayo muuzaji aliniambia yanafaa nywele zote. Naomba mnisaidie, si kwa kunitajia jina la kopo jingine tu, bali kwa kunieleza jinsi ya kuchagua. Mtu akisimama mbele ya rafu iliyojaa chupa, aangalie nini ili ajue kwamba hiki kinanifaa mimi, na kile hakinifai?

---

Msusi wa Mwanjelwa

Pole sana mwalimu. Nasuka na kutunza nywele Mbeya kwa mwaka wa 14 sasa, na kila msimu wa baridi hupokea wateja waliotoka Pwani wakiwa na malalamiko kama yako. Umetusaidia kwa kutaja ukubwa wa vile vipande. Nywele inayong'oka na mzizi wake imemaliza muda wake au ina tatizo kwenye ngozi ya kichwa, lakini kipande kifupi kisicho na mzizi ni nywele iliyokatika njiani kwa sababu ni kavu au imesuguliwa. Kwa hiyo usipoteze fedha kwa mafuta ya kuotesha nywele, kwa sababu nywele zako zinaota kama kawaida, takriban sentimita 1 kwa mwezi, isipokuwa zinakatika zikiwa njiani.

Anza na sabuni. Sabuni ya kipande ina ukali wa magadi ambao hufumua magamba madogo yaliyoufunika unywele, na magamba hayo yakishasimama, maji hutoka kirahisi na nywele hukwaruzana zenyewe kwa zenyewe. Tanga hewa ina unyevu mwingi, ndiyo maana kosa hilo lilikuwa likisamehewa. Njombe wakati wa kipupwe hewa ni kavu, na hakuna kinachorudisha maji yaliyopotea. Tafuta shampuu isiyo kali, uoshe kila baada ya siku 7 hadi 10, na usiache hata mara moja kufuatisha kondishena. Mteja akiniambia ana fedha ya kununua kitu kimoja tu, humwambia anunue kondishena kabla ya mafuta.

Sasa tuje kwenye rafu. Mafuta hayaongezi maji kwenye nywele, kazi yake ni kuyazuia yasitoke. Ukipaka mafuta kwenye nywele kavu, umeufungia ukavu ndani. Hivyo unahitaji kwanza kitu chenye maji, kisha kitu cha kuyafungia. Geuza chupa usome orodha ya viambato, kwa sababu huandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo. Kama neno la kwanza ni Aqua, yaani maji, hicho ni kilainishi cha kupaka mwanzo. Kama la kwanza ni mafuta au nta, hicho ni cha kufungia. Mimea huandikwa kwa majina ya kisayansi, kwa hiyo yashike machache: nazi ni Cocos nucifera, nyonyo ni Ricinus communis, parachichi ni Persea gratissima, na shea ni Butyrospermum parkii. Ukikuta kopo lina picha kubwa ya parachichi, lakini Persea gratissima imeandikwa mwishoni kabisa, baada ya manukato, basi ndani mna tone tu, na umelipia picha. Wewe upo Njombe, mkoa wa maparachichi. Ukimpata mtu anayekamua mafuta yake kwa uaminifu, nunua kwake.

Mafuta ya nazi ya mama usiyatupe. Hayajaharibika. Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Njombe hali hiyo ni ya kila siku. Yana sifa ambayo mafuta mengi hayana, nayo ni kupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Kwa hiyo yahamishie kabla ya kuosha: loweka chupa kwenye maji ya moto, paka usiku wa kuamkia siku ya kuosha, kisha osha asubuhi. Baada ya kuosha, nywele zikiwa bado mbichi, paka kilainishi chenye maji, halafu fungia kwa mafuta ya nyonyo machache, ambayo ni mazito na hayagandi kwa baridi ya huko. Yasugue kwanza kwenye viganja hadi yapate joto.

Nina swali moja: huko shuleni unavaa kofia ya sufu?

---

Mwalimu wa Tanga

Ahsante sana dada yangu, nimesoma mara tatu. Ndiyo, navaa kofia ya sufu tangu saa 12 asubuhi hadi saa 4, na usiku nalala nayo. Sikuwahi kuihusisha na nywele.

---

Msusi wa Mwanjelwa

Basi huo upara wa juu ya masikio umepata maelezo yake. Sufu hunyonya mafuta na husugua palepale inapobana. Shonea kitambaa cha satini ndani ya kofia, kipande cha nusu mita kinatosha na chenji inabaki, na usiku funga mtandio wa satini badala ya kofia. Msusi wako naye asikuvute kwenye kingo za uso. Ukitoka kusuka huku nyusi zimepanda na kichwa kinauma, fumua siku hiyohiyo, maana mvuto wa muda mrefu huweza kuua mizizi kabisa, na hapo hakuna kopo litakalokusaidia.

---

Mfamasia Mstaafu

Mwalimu, shikamana na ushauri wa msusi kuhusu nywele. Mimi nizungumzie midomo, kwa sababu naona unaiumiza kwa kitu kilekile ulichonunua ili kiiponye.

Ngozi ya mdomo ni nyembamba sana, haina tezi za jasho, na mafuta yake ya asili ni haba mno. Haiwezi kujilinda kama ngozi ya shavu. Mnanaa, kafuri na vitu vingine vinavyoleta ubaridi au mwasho huifanya ngozi iliyopasuka iwake zaidi, nawe ukihisi ukavu unarudia kupaka, na kwa kila kipindi kinachoisha unaongeza kidonda juu ya kidonda. Mwasho si dalili ya dawa kufanya kazi. Acha mafuta hayo leo.

Nina hakika pia kwamba unalamba midomo, kama walivyo wengi wenye duara la aina hiyo. Mate yana vimeng'enya vya kumeng'enya chakula, na yakikauka huondoka na unyevu uliokuwapo. Mahali ulimi unapofika ndipo duara hujichora. Kwa mwalimu anayesema saa nyingi kwenye hewa kavu, tabia hiyo huingia bila mwenyewe kujua, kwa hiyo weka chupa ya maji mezani na unywe kidogo kidogo kila ulimi unapotaka kutoka.

Unachohitaji ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote ulivyonunua: mafuta ya mgando yasiyo na manukato wala rangi. Lowesha midomo kwa maji safi, ifute kwa kuigusagusa na kitambaa laini bila kusugua, kisha paka mafuta hayo kabla haijakauka, na upake kwa wingi unapolala. Yanayochanganywa na nta ya nyuki hukaa muda mrefu zaidi, hivyo yanafaa kwa mchana. Glisirini peke yake sikushauri kwa sasa. Huvuta maji, na hewa inapokuwa kavu huyavuta kutoka kwenye ngozi yako yenyewe, kwa hiyo kama unaipenda ichanganye na maji na ufunike kwa mafuta ya mgando juu yake. Magamba yanayoning'inia usiyang'oe kwa meno wala kuyasugua kwa sukari, ingawa wengi husifia jambo hilo.

Angalia pia dawa yako ya meno. Zenye mdalasini au mnanaa mkali huwadhuru baadhi ya watu, na dalili hujitokeza mdomoni bila mtu kushuku mswaki. Lipstiki yenye manukato iache hadi upone. Kitu kipya kijaribu kwanza upande wa ndani wa kiwiko kwa siku mbili.

Kuhusu lile duara jeusi, nakusihi kwa dhati usishawishike na krimu za kung'arisha midomo. Nyingi huuzwa bila orodha ya viambato, na ndani hukutwa haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali. Vyote vitatu vimepigwa marufuku katika vipodozi nchini kwetu, na cha tatu huikondesha ngozi ambayo tayari ni nyembamba. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Bidhaa isiyo na jina la mtengenezaji, orodha ya viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi irudishe kwa muuzaji. Duara litafifia lenyewe polepole ukiacha kulamba.

Usipoona nafuu katika wiki tatu, au pembe za mdomo zikianza kuchanika, nenda hospitali. Michubuko ya pembeni mara nyingi huwa ni fangasi, au upungufu wa madini ya chuma au wa vitamini za kundi B, na huo hauponi kwa mafuta ya kupaka.

---

Mama Wawili, Moshi

Naongeza jambo moja ambalo halijatajwa, nalo ni jua. Mwanangu wa kwanza ana ualbino, na tulipoanza kuhudhuria kliniki ya ngozi ya hospitali ya KCMC ndipo nilipojua kwamba mdomo wa chini huelekea juu na kupokea jua moja kwa moja siku nzima. Njombe ipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukali wa mionzi ya jua huongezeka kadiri mtu anavyopanda, hata siku ya baridi ambayo hauhisi joto lolote. Mwanangu hupewa losheni ya Kilisun, inayotengenezwa hapahapa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Wewe mwalimu unaweza kununua mafuta ya mdomo yenye kinga ya jua ya kiwango cha 30, ukapaka kabla ya gwaride la asubuhi na wakati wa zamu ya uwanjani. Kama darasani kwako kuna mtoto mwenye ualbino, tafadhali mwangalie midomo yake, kwa sababu watoto hawasemi.

---

Mkazi wa Dodoma

Nakubaliana na yote, ila kwangu mimi kilichokuwa kikiharibu nywele ni maji. Tunatumia maji ya kisima yenye chumvi, na sabuni ikikutana nayo huacha utando mweupe ambao nilidhani ni mba, nikanunua dawa za mba kwa mwaka mzima. Nikaanza kusuuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua niliyoyakinga, na utando ukaisha. Mwalimu, jaribu kutazama kama sabuni inatoa povu upesi kwenye maji yenu.

---

Mwalimu wa Tanga

Wapendwa, narudi baada ya wiki tano kama adabu inavyotaka. Maji ya hapa yanatoa povu haraka, kwa hiyo upande huo niko salama. Mafuta ya mnanaa niliyaacha siku ileile. Siku nne za kwanza midomo ilikuwa mibaya zaidi, nusura niyarudie, kisha ikaanza kutulia, na sasa ule mpasuko wa katikati umefunga. Mzee mfamasia, shikamoo, ulisema kweli kuhusu kulamba: nilimwomba mwalimu mwenzangu anihesabie katika kipindi kimoja cha Kiswahili, akahesabu mara 31.

Nywele bado zinakatika, lakini jana nilikusanya vipande vya kwenye beseni na havikujaa kijiko cha chai. Kofia nimeishonea satini ya kijani iliyobaki kwenye sare ya harusi. Juu ya sikio la kulia nywele zimeanza kuota, la kushoto bado. Dada msusi, upande huo nisiusuke kabisa kwa miezi miwili, au niusuke kwa kulegeza?

---

Msusi wa Mwanjelwa

Usiusuke. Ubane kwa kitambaa laini, upake nyonyo usiku, na unijulishe mwezi wa tisa.