Tupeane uzoefu: utafiti wako chuo cha afya ulilipiwa na nani?

Wakuu, habari za jioni. Tuliopitia vyuo vya afya tusimuliane hela ya utafiti ilitoka wapi. Naanza mimi.

Nilikuwa uzamili, nikachagua upungufu wa damu kwa wajawazito. Andiko langu lilikuwa na vipimo viwili: hemoglobini, inayoonyesha kama damu imepungua, na feritini, inayoonyesha akiba ya madini chuma. Ufadhili wa serikali nilikuwa nao kwenye barua, lakini fedha zilifika wakati akina mama wangu wengi wameshajifungua na muda wa kukabidhi tasnifu umeisha. Vitendanishi (kemikali za kupimia) vya feritini sikuwa na uwezo wa kuvinunua, nikakiondoa kipimo. Basi tasnifu yangu inataja ni wangapi walipungukiwa damu. Ni wangapi walikosa madini chuma, na wangapi ni malaria au minyoo, haisemi. Na hilo ndilo swali lililonipeleka kliniki.

Nyie mlifanyaje?

Binti_wa_Ujiji: Pole sana mkuu. Mimi nilisoma shahada ya kwanza kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Mbali na boom (hela ya kujikimu) kuna fungu la utafiti, na langu liliingia. Lilitosha kuchapa madodoso na nauli, na kwa utafiti wa madodoso ilikuwa inatosha kweli. Sasa nakatwa 15% ya mshahara na sinung'uniki, mtoto wa mvuvi nisingesoma. Ile tozo ya 6% ya kutunza thamani ya mkopo ilipofutwa 2021 nililia kwa furaha.

Makohozi: Mimi ni wa maabara, mradi wa kifua kikuu. Mshahara ulitoka kwa mfadhili wa nje. 2025 akasitisha, tukaambiwa Ijumaa, Jumatatu hakuna kazi. Kwenye friza la nyuzi 80 chini ya sifuri kuna sampuli za wagonjwa walioamka alfajiri kutukoholea. Ndiyo maana nasema fedha za ndani, hata kidogo, ni muhimu mno.

Mjukuu wa Bibi: Mleta mada, COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) wana MTUSATE, mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia. Fuatilia matangazo yao. Na damu ile uliitupa?

Mleta mada: Hapana ndugu yangu. Seramu zote (majimaji ya damu yaliyotengwa) zimegandishwa. Kibali cha maadili kinaniruhusu kuzitunza miaka mitano, umebaki mmoja.