Nifanye nini ili kazi isinimalizie muda wa kupumzika na wa kuwa na watoto?

Fundi wa Sare, Nakuru

Ndugu zangu, ninashona sare za shule hapa Kaptembwo, na yeyote anayeijua kazi hii anafahamu hali ilivyo kuanzia katikati ya Desemba hadi shule zinapofunguliwa Januari. Nina cherehani mbili na binti mmoja ninayemlipa kwa mwezi, na chumba tunachoshonea ndicho sebule yetu, kwa hiyo jioni ikifika sina mlango wa kufunga nikasema nimetoka kazini. Nilijipa moyo kwamba msimu ukipita nitapumzika, lakini Februari ilinikuta nikipunguza sketi zilizozidi urefu, na kabla sijamaliza, oda za magauni ya harusi za Aprili zikaanza kuingia.

Kilichonifanya niandike ni daftari la kazi za nyumbani la mwanangu wa gredi ya tatu. Mzazi hutakiwa amsikilize mtoto akisoma ukurasa mmoja kila jioni, kisha atie sahihi. Wiki iliyopita nililifungua nikakuta sahihi zangu nne mfululizo, na chini yake mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba mzazi amsikilize mtoto kwanza ndipo atie sahihi. Nilipomuuliza mwanangu, aliniambia kwamba jioni hizo alikuwa akisoma hadi nusu ya ukurasa, halafu ananyamaza ili aone kama nitamwambia aendelee, nami ninaendelea kukanyaga cherehani. Sahihi nilikuwa ninatia, lakini sikukumbuka hata hadithi ilimhusu nani.

Ningependa kusikia kutoka kwa wale wanaojitegemea kwa kazi za mikono: mnapangaje kazi ili siku iishe kweli, bila kuwapoteza wateja ambao ndio wanaotulisha?

Seremala wa Kibuye

Pole sana, mama. Nimekuwa seremala karibu na soko la Kibuye, Kisumu, kwa zaidi ya miaka 20, na mingi kati ya hiyo niliipitisha nikipiga randa usiku. Kwa maoni yangu, mapumziko yako hayaliwi jioni unapokaa kwenye cherehani. Yaliliwa siku ulipopokea malipo ya awali na kumtajia mteja tarehe ambayo hukuwa umeipigia hesabu. Sisi mafundi tunapoulizwa kazi itakuwa tayari lini, hutaja siku itakayomfurahisha mteja, na siku hiyo ikikaribia tunaanza kuilipa kwa usingizi wetu.

Nakushauri uchukue daftari na kwa wiki mbili uandike muda ambao kila nguo inachukua, tangu kupima na kukata hadi kutia vifungo na kupiga pasi, pamoja na muda unaopotea ukipokea simu na kumngoja mteja aje kujaribu nguo. Mimi nilikuwa nikiamini kwamba kitanda ninakimaliza kwa siku mbili. Nilipoandika, niligundua kwamba ni siku tatu na nusu, kwa sababu sikuwa nikihesabu kupiga msasa wala kungoja vanishi ikauke. Ukishaujua muda wa kweli, jaza oda kulingana na saa ulizo nazo, na zikijaa mwambie mteja anayefuata kwamba nafasi iliyobaki ni ya wiki ijayo. Baadhi yao wataondoka. Hilo linauma, nami silifichi.

Kuhusu sebule, ifunike cherehani kwa leso ikifika saa 12 jioni, uweke vitambaa vyote kwenye kapu na uligeuze kiti kitazame upande mwingine. Macho yakiendelea kuona kazi iliyokatwa nusu, akili haiachi kuishona.

Karani, Kakamega

Ninaafiki aliyosema mzee, ila kuna jambo ambalo dada yetu amelitaja kwa kupita tu, nalo ni binti anayemwajiri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 27, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na kifungu cha 28 kinampa likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi kwa malipo kamili. Sheria haisemi kwamba kipindi cha sare kimesamehewa. Dada, je, Desemba binti huyo alipata siku yake?

Siulizi ili nikulaumu, maana najua kwamba mwenye biashara ndogo hana wa kumpa likizo yeye mwenyewe. Lakini kwa kuwa siku ya binti ni haki yake, ichague siku hiyohiyo iwe yako pia. Ni vigumu kumwambia mteja kwamba umechoka. Ni rahisi zaidi kumwambia kwamba Jumapili hatufungui.

Mama Omena, Dunga

Mimi ninatoa maoni yaliyo tofauti kidogo, kwa sababu si sote tunaoweza kupanga oda. Ninanunua omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, hapa ufukweni Dunga, Kisumu, ninazianika na kuzipeleka sokoni, na kalenda yangu inapangwa na mwezi ulio angani. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa kuwa zinafuata mwanga wa taa zinazowekwa majini, na mbalamwezi ikiwa kali taa hizo hazina nguvu ya kuzikusanya. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku kadhaa ambazo wavuvi hawatoki, nami sina cha kununua. Zaidi ya hapo, uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili zizaane.

Kwa miaka mingi siku hizo za mbalamwezi nilizitumia kuhangaika kutafuta vibarua vya kufua nguo mitaani, na nilirudi ufukweni nikiwa nimechoka kuliko nilivyoondoka. Siku hizi katika chama chetu kila mmoja hutenga fedha kidogo kila anapouza, tukazigawana wakati hakuna omena, na ndiyo maana ninaweza kukaa nyumbani na wajukuu bila kuogopa jioni tutakula nini. Mafundi wamekueleza jinsi ya kupanga saa, nami naongeza kwamba pumziko lina gharama yake na ni lazima liwekewe akiba kama vile karo. Wewe Januari unashika fedha nyingi kwa mara moja. Toa hapo gharama ya wiki moja ya Februari, uiweke kando kabla hujanunua kitambaa kingine.

Mhudumu wa Afya, Kisumu

Kwa ufupi tu: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa takriban asilimia 35 kuliko anayefanya kazi saa 35 hadi 40. Mtu mzima anahitaji usingizi wa angalau saa 7. Jihesabie saa zako za Desemba, mama, na tafadhali upimwe shinikizo la damu.

Fundi wa Sare, Nakuru

Nawashukuru nyote, na nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nijaribu. Nimeandika muda kwa wiki mbili kama mzee alivyonielekeza. Sketi ya marinda nilikuwa nikiihesabia saa moja, kumbe inanichukua saa moja na dakika 40, ndiyo kusema nilipokuwa nikiahidi sketi 10 kwa siku, nilikuwa nimeahidi karibu saa 17 za kazi. Nilibaini pia kwamba nguo ninazozifumua ni zile nilizoshona baada ya saa 3 usiku.

Kuhusu swali la karani, hapana, Desemba binti hakupata siku yake. Nimemwomba radhi, na tangu mwezi huu Jumapili ni siku yetu sote wawili. Mteja mmoja wa magauni ya harusi amechukua kitambaa chake akaenda kwa fundi mwingine, na pengo lake nimelisikia mfukoni. Akiba ya Mama Omena bado sijaianza, nitaianza Januari.

Cherehani niliifunika kwa leso jana. Hadithi ya wiki hii inamhusu kobe aliyekataa kuhama mto ulipokauka, na tumefika ukurasa wa sita.